Matabishi ya Mvua ya Nzahaha

Jumatatu, 2 Februari

Hapa Kamembe, mvua milimita 14 asubuhi hii. Nimesoma mwenyewe, viatu vimelowa.

Karatasi za wiki zimefika. Mibirizi 31 kwa siku moja, uongo mtupu. Papa Silivestri, katekista anayetusomea kipimo kule misheni, hagusi chombo Jumapili. Mvua ya Jumapili huingizwa Jumatatu, na kila wiki Mibirizi inaonekana kama imefurika. Nimezoea. Naigawa mara mbili, naendelea. Nkombo hakuna karatasi, boti haikuvuka. Nzahaha 40. Nzahaha inatupita sote kila wiki, sijui ina nini.

Ndiyo hivyo. Vipimamvua vinne, na kwa hivyo vinne natakiwa kujua mvua ya kila kilima na kila bonde kutoka ziwani hadi Bugarama. Mahali pasipo na kipimo napaandikia mvua ya kipimo kilicho karibu. Kuna vilima ambavyo tangu nianze kazi hii vinanyeshewa mvua ya jirani na havijawahi kulalamika.

Jumatano, 4 Februari

Mama mkwe amefika kumwona mtoto mchanga. Siku tatu, kasema mke wangu Zainabu. Siku tatu naziweza.

Najiandikia hapa kwa sababu sina pa kusemea. Kwetu mkwe humwogopa mama mkwe wake, na ni heshima, si ugomvi. Huli mbele yake. Humwangalii usoni. Hamsemezani ila kwa mtu wa katikati. Na yeye halali nyumbani kwako. Shangazi yake Zainabu ndiye alikuwa ampokee, lakini shangazi ana wageni wa Bukavu hadi jikoni. Kwa hiyo mama mkwe yuko chumbani kwangu, kitandani kwangu, pamoja na mke wangu na mtoto wangu. Mimi niko sebuleni na watoto wakubwa, Salima na Idi, juu ya mkeka. Kati yetu kuna pazia la maua.

Jumamosi, 7 Februari

Milimita 46. Mvua ya hasira.

Leo ndiyo siku aliyokuwa aondoke. Mzigo ulifungwa, kuku alifungwa miguu. Saa nne akaja dereva wa lori la ndizi na habari kwamba daraja la miti la Nzahaha limekwenda na maji, lote, hata magogo ya pembeni. Nyumba ya mama mkwe iko ng'ambo. Njia ya kuzunguka ni siku nzima kwa miguu, kupanda na kushuka, na magoti yake yameshakataa.

Kuku kafunguliwa. Mzigo umefunguliwa. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikasimama kidogo.

Jumanne, 10 Februari

Nimeanza kutokea dirishani. Alfajiri yeye hupita sebuleni kwenda kutawadha, na mimi niko pale chini na fulana iliyotoboka. Siku ya kwanza nilijifunika blanketi hadi kichwani nikajifanya maiti. Siku ya pili hivyohivyo. Leo nilimsikia akimuuliza Zainabu kama mumewe ana homa. Basi nimeona heri dirisha. Jirani fundi cherehani ameniona nikishuka na suruali mkononi. Amenisalimia kwa heshima zote, ila mdomo ulikuwa unamcheza.

Kula, nakula ofisini. Zainabu anafunga chakula kwenye kitambaa. Wali baridi juu ya meza ya ramani. Kuna mchuzi kwenye bonde la Rubyiro.

Alhamisi, 12 Februari

Kupitia pazia nimemsikia mama mkwe akiuliza, kwa sauti ya kutosha mtaa mzima: "Sasa, ile kazi yake, bananiambia anachunguliaka ndani ya kopo kila asubuhi. Anatafuta nini mule?"

Zainabu akajibu: "Maji, Mama."

"Na akiishaka kuyaona?"

"Anayaandika."

Mama mkwe akasema kitu kwa Kinyarwanda, na Zainabu akacheka hadi mtoto akaamka. Sijauliza alisema nini.

Jumatatu, 16 Februari

Habari njema, kubwa. Injinia Gaspari wa barabara amekuja ofisini. Nzahaha itapata daraja jipya la mawe na simenti. Mawe yapo. Simenti ipo, ingawa si nyingi. Anachokosa ni namba: mvua kubwa kabisa ya siku moja kwenye bonde la mto ule. Yeye ana njia zake za kugeuza mvua kuwa maji ya mtoni, na maji kuwa urefu wa daraja. Mimi namba, yeye daraja. Akasema anaitaka Ijumaa.

Nimempa mkono kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Daraja likisimama, mama mkwe anavuka. Anavuka, na mimi narudi kitandani kwangu. Sijawahi kuipenda kazi hii hivi.

Jumatano, 18 Februari

Nimefungua rejista zote. Vumbi la miaka.

Bonde la ule mto liko karibu na kipimo kimoja tu, cha Nzahaha. Mibirizi inagusa ukingo wa juu. Maana yake kila kitu kinategemea msomaji wetu wa Nzahaha, Maman Odeta, mama wa Bukavu aliyeolewa kule, muuza maharage sokoni. Mwandiko mzuri. Hajakosa siku hata moja, hata siku aliyojifungua. Lakini namba zake ni kubwa mno. Mvua ya miaka miwili iliyopita, siku moja: 90. Siku hiyohiyo Mibirizi imeandika 52, na haikuwa Jumatatu.

Tisini. Sijui niiamini au nisiiamini.

Alhamisi, 19 Februari

Nimeipata siri!

Papa Silivestri kashuka mjini kununua mishumaa, akapita ofisini kupumzika. Nikamwambia shida yangu na Nzahaha. Akacheka. Yeye hununua maharage kwa Maman Odeta, na mara moja alimkuta uani akisoma kipimo. "Yule maman," akasema, "hata mvua anaiwekeaka matabishi."

Matabishi. Nani hajui matabishi? Unanunua maharage, anakupimia mironko, lile kopo la sokoni, moja, mbili, tatu, nne, tano, halafu anaongeza juu kidogo ya kukufurahisha urudi kesho. Muuzaji asiyetoa matabishi hapa atalala na gunia lake. Na kipimo chetu kinafanana na mironko kwa bahati mbaya: kichupa cha mistari kinajaa milimita kumi, mvua ikizidi unajaza, unamwaga, unajaza tena, ukihesabu. Kwa hiyo Maman Odeta, kwa ukarimu wa biashara, anaipa serikali mvua ya ziada!

Ndiyo maana Nzahaha inatupita. Nimecheka peke yangu hadi mlinzi akachungulia.

Papa Silivestri anasema alimwona akitoa moja juu ya tano. Basi katika kila sita, moja si ya Mungu, ni ya Maman Odeta. Nimeondoa sehemu ya sita. Tisini imekuwa sabini na tano. Namba safi, ya kisayansi. Nimejisikia mtu mwenye akili sana.

Ijumaa, 20 Februari

Nimempa Injinia 75. Akaingiza kwenye hesabu zake pale pale, kalamu nyuma ya sikio. Daraja la chini. Simenti inatosha. Litakuwa tayari Jumamosi tarehe 21 Machi.

Nimeiandika tarehe hiyo kwenye ukuta wa ofisi, kwa penseli, ndogo. Msikitini leo nimeshukuru kwa urefu.

Jumapili, 1 Machi

Mama mkwe amepanga upya jiko. Amepanga upya ua. Amemfundisha Salima kusema "hapana" kwa namna ambayo sikuipenda. Jana alihamisha ngazi yangu ya kupandia dirishani kwa sababu, alimwambia Zainabu, ilikuwa inaziba njia ya kuku.

Nimeruka. Kifundo cha mguu kimevimba.

Siku ishirini.

Jumatano, 11 Machi

Sijui nianzie wapi.

Nilikwenda Nzahaha na pikipiki ya ofisi kupeleka karatasi mpya na kuliangalia daraja. Nguzo mbili zimeshasimama. Nzuri. Fupi, lakini nzuri. Nikaacha pikipiki kwa mafundi, nikavuka kwa kamba pamoja na wachuuzi, matope hadi magotini, nikapanda kwa Maman Odeta. Nilifika saa moja kamili, yeye akiwa ndiyo kwanza anafungua kipimo. Kulikuwa kumenyesha vizuri.

Akafurahi kuniona. Akaniketisha kwenye kigoda ili nione kazi yake. Akajaza kichupa, akamwaga kwenye kabichi. "Moja." Akajaza. "Mbili." Hadi tano. Sauti ya sokoni kabisa. Halafu akajaza cha sita, akakiinua mbele yangu kama mtu anayemwonyesha mteja, akatabasamu, akakimwaga bila kuhesabu. Akajaza kinachofuata.

"Sita," akasema.

Nikamwambia, Maman, hiyo ni ya saba.

Akanitazama kwa huruma. "Papa, ile ingine ilikuwa matabishi. Matabishi habaihesabuake."

Nikauliza, tangu lini? Tangu siku ya kwanza. Nikauliza kwa nini kichupa kizima. "Maharagi tunatoaka kwa kiganja. Maji, utayashika namna gani kwa kiganja?" Nikauliza, sasa matabishi ya nani, nani ananunua mvua? Hapo akaudhika. "Serikali haiko mteja? Munataka baseme Maman Odeta anapimiaka batu kavukavu?"

Akaandika 63. Mimi niliona 73 kwa macho yangu mawili.

Haongezi. Anapunguza! Matabishi hutolewa, hayahesabiwi, kila mtoto wa sokoni anajua, mama yangu mzazi aliuza nyanya miaka yote na mimi nikibeba kikapu chake, na bado nilikaa kwenye kiti cha ofisi nikaelewa kinyume. Aliyemwona ni katekista. Aliyekosea ni mimi.

Alhamisi, 12 Machi

Hesabu, mara nne, matokeo yaleyale. Tisini ya Maman Odeta: tisa zilizohesabiwa na moja ya zawadi. Mia. Mvua ya kweli ilikuwa 100. Mimi nimempa Injinia 75.

Anajenga daraja la mvua ambayo haipo.

Ijumaa, 13 Machi

Sijasema.

Nikisema, Injinia atainua daraja. Kuinua kunataka simenti ambayo hana, na lori la simenti haliji kabla mvua haijaisha. Juni. Huenda Julai. Nikinyamaza, mama mkwe anaondoka Jumamosi ijayo. Leo ameanza kukunja nguo. Nimesikia kitambaa kikikunjwa nyuma ya pazia, na moyo wangu ulifurahi kabla sijaukataza.

Imamu alihubiri juu ya vipimo na mizani, kupunja na kutopunja. Sidhani alinilenga. Nilihama nyuma ya nguzo hata hivyo.

Jumamosi, 14 Machi

Sijasema. Najiambia: mvua ya namna ile huja mara moja kwa miaka mingi. Najiambia: Injinia huweka nyongeza yake juu ya namba yangu. Najiambia: Papa Silivestri ndiye aliyenipotosha, mtu wa dini.

Kifundo cha mguu bado.

Jumapili, 15 Machi

Asubuhi nilikuwa nimekaa chini ya dirisha, upande wa nje, nikifunga kamba za viatu. Wao walikuwa ndani. Mama mkwe alikuwa anamwambia Zainabu mipango yake. Daraja likifunguliwa, yeye ndiye atavuka wa kwanza, mbele ya wakubwa, kwa sababu yeye ndiye aliyesubiri kuliko wote. Halafu kila Jumatatu atavuka na ndizi zake kwenda sokoni kama zamani. Hatazunguka tena. Hataogopa tena, ile miti ilikuwa inateleza, lakini hili ni la mawe, na aliyelipima ni mkwe wake mwenyewe.

"Kile kidume cha dirisha," akasema, "kinajua kazi yake."

Nilibaki pale na kiatu kimoja.

Nimejionea aibu. Naandika hivyo hivyo, aibu.

Jumatatu, 16 Machi

Nimemwambia Injinia.

Kwanza hakuelewa. Nikaeleza tena, mironko, kabichi, yote. Akauliza kama nimelewa. Nikamwambia mimi ni Mwislamu. Akasema hilo si jibu. Akatupa kalamu. Akaiokota, akapiga hesabu upya.

Daraja linapanda zaidi ya mita moja. Kazi imesimama hadi simenti ifike. Amesema kila mtu wa Nzahaha ataambiwa ni kwa sababu ya nani, na ametimiza ahadi: kabla ya adhuhuri mtu wa mkaa alikuwa ameshaniuliza kama ni mimi yule wa maharage.

Jioni nilimwambia Zainabu, uani, kwa sauti ndogo. Pazia likatikisika. Basi amesikia.

Jumanne, 17 Machi

Kimya nyuma ya pazia siku nzima. Hata kuku kimya. Nilikula ofisini, nikanywa maji ofisini, na kama ofisi ingekuwa na mkeka ningelala ofisini.

Jumatano, 18 Machi

Kimya.

Alhamisi, 19 Machi

Sikuyatarajia haya. Fundi cherehani amenisimamisha njiani akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Mke wake amesimuliwa na mama mkwe wangu, kisimani, mbele ya wanawake wote: mkwe wake amelizuia daraja la serikali kwa sababu hataki yeye aondoke. Anatafuta visingizio vya mvua, maskini, anaona haya kusema. Hajawahi kuona mkwe wa namna hiyo. Wanaume wengine huomba mama mkwe aondoke hata kabla ya kuvua viatu.

Wanawake walitikisa vichwa kwa kusikia mapenzi hayo. Mmoja alilia kidogo.

Ningekanusha namna gani? Ningesema si kweli, nakutaka uende? Nilisema asante. Nimerudi nyumbani na kukuta ngazi imerudishwa chini ya dirisha, imefutwa matope.

Jumapili, 22 Machi

Hakuna mvua. Sifuri pote. Hata Nkombo, boti ilipokuja, sifuri.

Jumatatu, 30 Machi

Sifuri. Siku ya kumi sasa. Katikati ya masika! Maharage yanaanza kukunja majani. Watu wa Nzahaha wanavuka kwa kamba na kila mmoja akilowa anataja jina langu. Maman Odeta ameleta karatasi yake na chini ameandika kwa mwandiko ule mzuri: "Mvua yenu kubwa bado iko njiani?"

Na yeye tumeshapatana. Kuacha matabishi hawezi, alisema atajisikia mwizi. Basi atoe kama kawaida, ila kila akitoa achore duara moja dogo pembeni mwa namba. Duara moja, milimita kumi. Mkataba huu haumo katika kitabu chochote cha hali ya hewa.

Injinia amepigilia vigingi viwili kwenye ukingo. Chekundu ni pale ambapo barabara ya daraja la 75 ingepita. Cheupe ni 100. Mafundi wanakiita cheupe kigingi cha mama mkwe. Yaani hadithi imefika hadi ng'ambo.

Jumamosi, 4 Aprili

Sifuri. Injinia alipita na gari, akashusha kioo, akaangalia juu, mbingu bluu tupu. Akapandisha kioo. Ningependelea anitukane.

Nimeanza kujitilia shaka. Labda nilihesabu vibaya siku ile, mlimani, na usingizi machoni. Labda Maman Odeta siku ya 90 alikuwa na mgonjwa, alikuwa na haraka, hakutoa matabishi. Mvua ya miaka miwili iliyopita imeshafika ziwani na kwenda zake, huwezi kuirudia. Nimewaweka watu kwenye kamba kwa sababu ya kichupa kimoja cha maji.

Nimewaza pia kwamba ningekuwa kitandani kwangu wiki mbili sasa. Nimewaza hilo kwa muda.

Jumatano, 8 Aprili

Mawingu. Milimita 3. Zainabu amerudi kwenye cherehani kazini kwake, mtoto anabaki na bibi yake. Sasa nyumbani hatuna mtu wa katikati. Leo mama mkwe alihitaji kuni zipasuliwe. Alimwambia mtoto, mwenye miezi miwili na nusu, kwa sauti kubwa: "Wambie papa yako kuni zimeisha." Nikapasua. Nikamwambia mtoto, kwa umbali: "Mwambie bibi yako ziko mlangoni." Mtoto alitapika maziwa. Lakini ujumbe ulifika.

Jumapili, 12 Aprili

Milimita 28. Ardhi imeshiba sasa.

Jumatatu, 13 Aprili

Ilianza alfajiri na haijaniacha nifikirie. Saa mbili nilimwaga kipimo, saa sita nikamwaga tena. Barabara ya kushuka ziwani ni mto. Simu ya ofisini imekufa. Nzahaha sina habari yoyote. Leo soko kule. Nimesimama dirishani karibu siku nzima, bila kazi yoyote mkononi.

Naogopa. Naogopa nikiwa nimekosea na naogopa zaidi nikiwa nimepatia.

Jumanne, 14 Aprili

Mvua imekatika.

Injinia alikuja ofisini mwenyewe, kwa miguu kutoka pale barabara ilipobomoka. Hakutaka kukaa. Alisema maji yalikipita kigingi chekundu jana kabla ya saa nne asubuhi, na hayakurudi hadi alasiri. Yalibeba miti mizima. Yalisimama chini ya kile cheupe kwa upana wa kiganja. Kamba imekatika lakini hakukuwa na mtu, watu waliyaona maji wakabaki ng'ambo. Kungekuwa na daraja, alisema, wasingebaki. Wangeliamini.

Karatasi ya Maman Odeta, iliyorushwa kutoka ng'ambo ikiwa imefungwa kwenye jiwe, alikuwa nayo mfukoni, imelowa. 94, na duara moja. Nikaandika 104. Akasubiri hadi nilipomaliza kuandika, akaondoka.

Nilirudi nyumbani mapema. Jana ilikuwa Jumatatu, siku ya mama mkwe ya soko. Saa nne huwa yuko juu ya daraja, katikati ya mto, mkungu wa ndizi kichwani, hatazami pembeni, namjua. Alikuwa nyuma ya pazia, anambembeleza mtoto, anaimba vibaya.

Nilikaa mkekani. Nikamwambia mtoto: "Mwambie bibi yako maji yamepita kigingi chekundu."

Wimbo ukakatika. Nikamsikia anamhamishia mtoto begani.

"Wambie papa yako," akasema, "chai iko ndani ya chupa. Anywe hapa hapa. Asitoke nje, kuna baridi."

Nikamimina. Nikanywa pale pale, upande wangu wa pazia, na yeye akiwa upande wake. Sukari ilikuwa nyingi mno. Nilimaliza kikombe, nikamimina kingine.